Kusakinisha PostgreSQL: kwa madirisha au kwa amri?

Swali hili kuhusu PostgreSQL, programu ya kuhifadhi na kusimamia data (kanzidata), hunifikia kwa WhatsApp kila muhula wa chuo unapoanza: "Kaka, PostgreSQL niiweke kwa ile ya kubofya Next, Next, au nikomae na zile amri?" Anayeuliza huwa ameshapewa majibu mawili yanayogongana. Mwalimu kamwambia apakue kisakinishi. Rafiki yake anayetumia Ubuntu, aina ya Linux, kamwambia anayebofya hajui kazi. Hili la pili ni majigambo ya kijiweni, tuliache hapo hapo. Nimewaona wenye terminali (dirisha la kuandikia amri) nyeusi tii wasiojua data zao zimekaa folda gani, na nimewaona wa kubofya wanaotunza kanzidata ya ofisi nzima bila kupoteza rekodi moja.

Nazungumzia PostgreSQL kwa sababu ndiyo ninayoshinda nayo, na kwa sababu vijana wengi wa TEHAMA huku kwetu hukutana nayo wapende wasipende. Ndiyo iliyo chini ya DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Ni programu huria. Chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, mwaka 1986, na jina la PostgreSQL ililipata mwaka 1996.

## Tunalinganisha nini hasa

Upande mmoja kuna kisakinishi cha madirisha kinachotengenezwa na kampuni ya EDB, kwa Windows na macOS. Upande wa pili kuna njia ya amri, na hapa nitatumia zaidi `apt`, amri ya kusakinishia programu kwenye Ubuntu na Debian, kwa kuwa ndiyo utakayoikuta kwenye seva nyingi za kukodi.

Mambo mawili kabla hatujaenda mbali. Kwanza, kinachosakinishwa ni kilekile: SQL ileile (lugha ya kuiuliza kanzidata), poti 5432 ileile (namba ya mlango ambao seva husikilizia), `psql` ileile (programu ya kuzungumza na seva kwa amri). Hakuna PostgreSQL ya wanaobofya na nyingine ya wanaoandika. Pili, kwenye Linux uchaguzi umeshafanywa kwa niaba yako, maana EDB iliacha kutoa kisakinishi cha Linux kuanzia toleo la 11. Swali linabaki kwa mwenye Windows au Mac, na kwa anayeamua mashine ipi ibebe kazi.

Vigezo nitakavyopimia ni hivi: unahitaji bando na vifaa gani kabla ya kuanza; unaulizwa nini na unaamuliwa nini; vitu vinakaa wapi; siku mambo yanapoharibika unashika wapi; masasisho yanakujaje; na ukitaka kuirudia kazi ileile kwenye mashine nyingine, inakuwaje. Sikuweka "urahisi" kama kigezo. Urahisi wa dakika kumi za kwanza hauniambii chochote kuhusu mwezi wa sita.

## Bando na vifaa

Kisakinishi cha Windows ni faili moja la zaidi ya megabaiti 300, kwa sababu ndani yake kuna seva, pgAdmin 4 (ya kusimamia kanzidata kwa madirisha), Stack Builder (ya kuongezea nyongeza) na zana za amri kwa pamoja. Kwa anayepima bando kwa siku, hilo ni jambo. Njia ya `apt` huvuta makumi ya megabaiti tu, na mtandao ukikatika katikati, ukirudia amri huendelea kutoka pale ilipoishia.

Lakini lile faili moja lina faida ambayo watu wa amri huisahau: linabebeka. Mwalimu mwenye maabara ya kompyuta 25 analipakua mara moja, analitia kwenye flashi, anazunguka nalo. Hakuna intaneti inayohitajika tena. Kwa `apt` unaweza pia kubeba vifurushi kutoka `/var/cache/apt/archives`, ila mashine zote ziwe na toleo lilelile la Ubuntu na usisahau kifurushi hata kimoja kinachotegemewa na kingine. Mimi nilijaribu mara moja. Sikurudia.

## Maswali unayoulizwa

Hapa ndipo tofauti yenyewe ilipo, na nitakaa kidogo.

Kisakinishi kinakuuliza kwa mpangilio: programu ikae folda gani, unataka vipande vipi, data zikae wapi, nenosiri la mtumiaji mkuu `postgres` liwe lipi, poti ipi, na mwisho locale, yaani kanuni za lugha zitakazotumika kupanga maneno. Ni maswali halali kabisa. Tatizo ni kwamba yanakuja yakiwa na jibu tayari ndani ya kisanduku, na mkono wa mtu ukishazoea Next hausomi tena. Swali pekee linalokulazimisha uandike kitu ni la nenosiri, na hilo ndilo watu huandika "admin123" wakisema nitabadilisha kesho.

`apt` haikuulizi karibu chochote:

```
sudo apt update
sudo apt install postgresql
```

Unakubali kwa Y, basi. Ikimaliza imeshakuundia mtumiaji wa mfumo anayeitwa `postgres`, imeshaandaa sehemu ya data inayoitwa `main`, imeshaiwasha seva na kuipanga iwake kila kompyuta inapowaka. Nenosiri? Hakuna. Hapo ndipo anayeanza hupigwa na butwaa. Anaandika `psql -U postgres` kama alivyoona kwenye video, anajibiwa:

```
FATAL: Peer authentication failed for user "postgres"
```

Nimeshatumiwa picha ya mstari huo mara nyingi kuliko picha za harusi. Maana yake ni nyepesi. Seva imeiuliza Ubuntu, "Huyu anayebisha hodi ni nani?" Ubuntu imejibu, "Ni asha." Na asha si `postgres`, kwa hiyo mlango haufunguki. Dawa ni kuingia kwa jina la `postgres` mwenyewe, kisha kujitengenezea mtumiaji wa kawaida mwenye nenosiri:

```
sudo -u postgres createuser --pwprompt duka
sudo -u postgres createdb --owner=duka mauzo
psql -h localhost -U duka mauzo
```

Mistari mitatu. Ukiielewa umeelewa nusu ya usalama wa PostgreSQL, jambo ambalo kisakinishi hakikulazimishi ulijue siku ya kwanza. Wengine wanaona hiyo ni kero, wengine wanaona ni darasa la bure. Inategemea una haraka ya nini.

Tena "kwa amri" si njia moja. Kwenye Fedora unasakinisha `postgresql-server`, unaandaa data mwenyewe kwa `postgresql-setup --initdb`, kisha unaiwasha kwa `systemctl`. Usipoiwasha, haiwaki. Aliyejifunzia Ubuntu hukaa pale akishangaa.

## Vitu vinakaa wapi

Kwenye Windows, usipobadilisha kitu, kila kitu kiko chini ya `C:\Program Files\PostgreSQL\17`, au namba ya toleo lako. Programu ziko `bin`, data ziko `data`, na mafaili ya mipangilio, `postgresql.conf` na `pg_hba.conf` (hili la pili huamua nani aruhusiwe kuingia), yako humo humo ndani ya `data`. Ni nyumba ya chumba kimoja: unaona kila kitu ukiwa mlangoni. Ubaya wake, mtu huiona ile folda ya `data` na kuinakili kwenye flashi seva ikiwa inafanya kazi, akiamini ametunza nakala rudufu. Hajatunza kitu. Nakala ya kweli hutoka kwa `pg_dump`, au kwa kitufe cha Backup cha pgAdmin, ambacho chini kwa chini kinaita `pg_dump` hiyohiyo.

Ubuntu inatenganisha: mipangilio `/etc/postgresql/16/main`, data `/var/lib/postgresql/16/main`, logi (kumbukumbu za matukio) `/var/log/postgresql`. Mgeni hupotea. Mwenyeji hushukuru, kwa kuwa anaweza kutunza mipangilio bila kugusa data. Ukipotea, pande zote mbili zina jibu moja. Ingia `psql` uandike `SHOW config_file;` au `SHOW data_directory;`, na seva yenyewe itakuambia inaishi wapi.

Kuna jingine la Windows linalosumbua: kisakinishi hakiiongezi folda ya `bin` kwenye Path, orodha ya folda ambamo Windows hutafuta amri. Kwa hiyo mwanafunzi anamaliza kusakinisha vizuri kabisa, anafungua dirisha la amri, anaandika `psql` na kuambiwa haitambuliki. Anaifuta yote na kuanza upya. Usifute. Fungua SQL Shell iliyo kwenye menyu ya Start, au ongeza `bin` kwenye Path kwa mkono.

Na hili watu wengi hawalijui: kisakinishi cha EDB huweka `listen_addresses = '*'`, yaani seva inasikiliza kadi zote za mtandao, wakati `apt` huiacha isikilize `localhost` tu. Pande zote mbili `pg_hba.conf` bado inazuia wageni, kwa hiyo si mlango wazi. Ila kwenye Windows, ndani ya PostgreSQL yenyewe umebakiwa na kizuizi kimoja, na mwenzako wa ofisini akikinakili kile kimstari cha "ruhusu wote" alichokiona mahali, kizuizi hicho nacho kimekwenda.

## Siku mambo yanapoharibika

Hapa nina kosa langu mwenyewe la kusimulia. Miaka kadhaa nyuma nilimfungia rafiki yangu mfumo wa mauzo wa duka la vifaa vya ujenzi, kwenye laptopu yake ya Windows. Nilibofya mwanzo hadi mwisho huku tukipiga stori. Mfumo ukafanya kazi vizuri tu. Baadaye akafungua tawi la pili, tukaamua kuhamishia kanzidata kwenye seva ya kukodi yenye Ubuntu. Nikatoa nakala kwa `pg_dump -C`, ile inayobeba hata amri ya kuunda kanzidata yenyewe. Kuirudisha Ubuntu, nikapigwa: `invalid locale name: "English_United States.1252"`.

Ile locale niliyoibofya bila kuisoma ni jina la Windows, na Linux hailijui. Tiba ilikuwa ndogo mno, kuunda kanzidata tupu kwenye seva mpya kisha kutoa nakala upya bila `-C` na kuirudisha humo. Lakini nilikesha, kwa sababu sikukumbuka kabisa kama niliwahi kuulizwa swali hilo. Kisakinishi kiliuliza, nikajibu, na hakuna kati yetu aliyeandika popote.

Huo ndio uzito wa amri kwangu, wala si ufundi wake. Ulichoandika kinabaki. Kipo kwenye `history`, unaweza kukinakili kwenye faili ukakiita `hatua.txt`, na atakayekuja baada yako akasoma ulichofanya. Hata kuomba msaada ni rahisi zaidi: unabandika maandishi ya kosa na mtu wa mbali anayasoma vizuri, badala ya picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, taa ya chumba imemulika katikati ya ujumbe.

Niwatendee haki wa madirisha. Seva ikigoma kuwaka kwenye Windows, unafungua orodha ya huduma, unatafuta `postgresql-x64-17`, unabofya kitufe cha kulia, Restart. Karani asiyejua kompyuta anaweza kuelekezwa hilo kwa simu akiwa dukani, na nimeshafanya hivyo. Jaribu kumsomea karani huyohuyo `sudo systemctl restart postgresql` herufi kwa herufi uone saa inavyokwenda. Na pgAdmin inayokuja ndani ya kisakinishi humwonyesha mtu majedwali yake kwa macho. Kwa wengi hiyo ndiyo siku wanapoelewa kanzidata ni nini. Wa Ubuntu nao wanaweza kuipata pgAdmin, ila ni kazi ya pembeni.

Angalia pia antivairasi. Kwenye Windows inaweza kuingilia mafaili ya folda ya `data` na kuleta makosa ya ajabu ajabu. Iambie iiache folda hiyo.

## Masasisho

PostgreSQL hutoa toleo kuu jipya kila mwaka, na kila toleo kuu hutunzwa kwa miaka mitano. Toleo la 14, kwa mfano, linafikia mwisho wake Novemba 2026. Katikati kuna matoleo madogo ya kurekebisha hitilafu na matundu ya usalama.

Kwenye Ubuntu marekebisho hayo madogo huja pamoja na ya mfumo mzima unapofanya `sudo apt upgrade`. Toleo kuu ndilo halibadiliki: Ubuntu 22.04 ina 14, Ubuntu 24.04 ina 16, na zitabaki hivyo. Ukitaka jipya zaidi unaongeza hazina ya mradi wenyewe wa PostgreSQL, na Ubuntu imeshakuwekea skripti ya kufanya hivyo ndani ya kifurushi cha `postgresql-common`.

Kwenye Windows, seva haijisasishi yenyewe. Unapakua kisakinishi kipya, unakiendesha juu ya kilichopo, unafunga na kufungua. Haina ugumu, ugumu ni kukumbuka. Mashine nyingi za Windows ninazokutana nazo bado ziko kwenye toleo dogo lilelile la siku ya kwanza.

Kupanda toleo kuu ni kazi pande zote. Jipya hukaa kando ya la zamani na kuchukua poti 5433, halafu unahamisha data. Debian na Ubuntu zina `pg_upgradecluster` ya kukusaidia. Windows unatumia `pg_upgrade` kwa mkono, au unatoa nakala na kuirudisha.

## Kuirudia kazi

Hapa watu hudhani amri zimeshinda bila mjadala. Kisakinishi cha EDB nacho kina hali ya kujiendesha chenyewe. Ukikiita kwa `--mode unattended` na kukipa nenosiri kwa `--superpassword`, kinasakinisha bila kuonyesha dirisha hata moja. Yule mwalimu wa kompyuta 25 anaweza kuandika faili moja la `.bat` akalibofya kwenye kila mashine. Kwa hiyo ukuta kati ya njia hizi mbili ni mfupi kuliko unavyosimuliwa. Windows ina `winget` pia, amri yake ya kusakinishia programu, na ina WSL inayokupa Ubuntu kamili ndani ya Windows.

## Na MySQL, MariaDB, XAMPP?

MySQL na MariaDB ni programu nyingine za kanzidata, na mizani ni ileile, kwa ufupi. XAMPP, kifurushi kinacholeta seva ya tovuti na kanzidata pamoja, ndiyo mlango wa wengi vyuoni. Inaleta MariaDB yenye mtumiaji `root` asiye na nenosiri, na watengenezaji wake wenyewe wanasema ni ya kujifunzia na kutengenezea, si ya kuweka hadharani. MySQL kwenye Windows imebadilika: kile kisakinishi kikubwa cha zamani kiliishia na matoleo ya 8.0, na tangu 8.1 unapata kifurushi cha MSI pamoja na MySQL Configurator. Video ya YouTube ya miaka mitano nyuma haitafanana na unachokiona kwenye skrini yako. Ukiweka MariaDB kwa `apt`, endesha `mariadb-secure-installation` kabla ya jambo lingine lolote.

## Wewe uko wapi kati ya hawa

Mwanafunzi mwenye laptopu ya Windows, kazi inatakiwa Ijumaa: chukua kisakinishi. Soma kila dirisha kabla ya Next, na andika majibu yako sita kwenye daftari. Ukipata wikiendi tulivu, fungua WSL uipitie njia ya pili.

Unayejifunza ili uajiriwe kutunza seva, au unayetarajia kugusa DHIS2: amri, tangu leo. Mashine utakayokabidhiwa inaweza isiwe na skrini kabisa, ni anwani tu na SSH, njia ya kuingia kwenye mashine ya mbali kwa amri.

Mtu wa ramani anayetumia QGIS, programu ya ramani, kwenye Windows: kisakinishi kinakufaa, na PostGIS, nyongeza ya PostgreSQL ya data za ramani, utaiongeza kwa Stack Builder baada ya kumaliza. Kwenye Ubuntu 24.04 ni `sudo apt install postgresql-16-postgis-3`. Pande zote mbili unamalizia kwa `CREATE EXTENSION postgis;` ndani ya kanzidata yako, na hatua hiyo ndiyo watu huiruka kisha wakalalamika PostGIS haipo.

Mwenye Mac: mbali na EDB, kuna Postgres.app, ambayo unaiburuta kwenye Applications na kuifungua, na kuna Homebrew, ya kusakinisha kwa amri, kwa wapenda terminali. Ukishaiweka kwa njia moja usiiongezee ya pili juu yake, maana zote zitagombania poti 5432.

Mtengenezaji programu ambaye kazi yake itaishia kwenye seva ya Ubuntu: tengenezea kwenye kinachofanana na seva, iwe WSL au laptopu yenye Ubuntu. Locale, njia za mafaili, namna ya kuingia, vyote vitafanana, na hutakesha kama mimi.

Duka au ofisi ndogo yenye kompyuta moja ya Windows na fundi anayekuja mara moja kwa mwezi: kisakinishi, bila kuona haya. Fundi aache karatasi yenye folda ya data, poti, locale na namba ya toleo, na nenosiri likae kwa mwenye duka, lisibaki kwenye simu ya fundi peke yake. Kisha apange `pg_dump` ijiendeshe kila jioni kwa Task Scheduler (kipanga kazi cha Windows), saa moja kabla ya duka kufungwa, wakati kompyuta bado iko wazi na umeme upo.